Kasoro ya Unga Mweupe

Kati ya mwaka 1895 na 1897, mwanajiolojia wa Kijerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka kusini mwa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani akiwa na nyundo, dira na msafara wa wapagazi. Berlin ilitaka kujua kuna mali gani chini ya ardhi iliyokuwa imejitwalia. Katika bonde la mto Ruhuhu, unaoingia Ziwa Nyasa kati ya Manda na Lituhi, Bornhardt alikuta makaa ya mawe. Mwaka 1900 alichapisha kitabu kinene kuhusu sura ya nchi na miamba yake. Waingereza walipoitwaa Tanganyika, mwanajiolojia wao G. M. Stockley akalipima tena bonde lile, na mwaka 1932 akatoa maelezo yake kuhusu jiolojia ya makaa ya Ruhuhu. Kisha makaa yakabaki pale pale yalipo. Yalisubiri hadi mwaka 2011, ilipoanza kuyachimba kampuni ya Tancoal, ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Intra Energy ya Australia. Mgodi ulikuwa Ngaka, wilayani Mbinga, na malori yakaanza kutimua vumbi kuelekea Kitai na Songea, yakipeleka makaa kwenye viwanda vya saruji.

Kaskazini ya hapo, katika milima ya Ludewa mkoani Njombe, iko Liganga. Mwamba wake wa chuma unakadiriwa kufikia tani milioni 126. Mtu angedhani tanuri lingekuwa limekwisha kujengwa zamani, hasa kwa kuwa makaa ya Mchuchuma yapo jirani. Lakini chuma cha Liganga kimechanganyika na vanadi na titani, na titani ni msumbufu mkubwa kwa tanuri la kawaida. Ikizidi, mavi ya chuma huwa mazito, hugoma kutiririka na huganda mahali yasipotakiwa. Mwaka 2011 NDC iliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili kuchimba chuma na makaa hayo kwa pamoja, lakini mazungumzo kuhusu masharti ya uwekezaji yakaburuta mambo mwaka hadi mwaka.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, titani imekutwa katika hali nyingine kabisa. Mwaka 2022 kampuni ya Sovereign Metals ya Australia ilitangaza kwamba eneo la Kasiya, kaskazini-magharibi mwa Lilongwe, lina tani bilioni 1.8 za udongo wenye rutili kwa kiasi cha asilimia 1 hivi. Kwa maelezo ya kampuni, hiyo ndiyo akiba kubwa kuliko zote za rutili asilia zinazojulikana duniani. Rutili ni titani dioksidi iliyojijenga yenyewe ardhini. Na katika udongo uo huo wa Kasiya, punje kwa punje, kuna grafiti, ambayo ni kaboni.

Ziwa Nyasa, basi, limezungukwa na vitu viwili: titani na kaboni. Katika maabara za Japani, Ujerumani, Poland, Venezuela na kwingineko, vitu hivyo viwili vimeunganishwa ili kufanya kazi ambayo kila kijiji cha pwani ya ziwa hilo kinaihitaji, yaani kusafisha maji kwa nguvu ya jua. Safari ya kufika huko ilichukua zaidi ya karne mbili, na karibu kila hatua yake ilianzia kwenye jambo lililohesabiwa kuwa kasoro.

Mwanzo wake ulikuwa mchanga mweusi. Mwaka 1791 William Gregor, kasisi wa Kiingereza aliyependa madini, alichunguza mchanga uliotoka kwenye kijito cha Manaccan, katika jimbo la Cornwall. Sumaku iliuvuta, kwa hiyo chuma kilikuwamo. Alipokwisha kukiondoa chuma, ulibaki unga ambao haukulingana na kitu chochote alichokijua. Miaka minne baadaye, mjini Berlin, Martin Heinrich Klaproth alitoa unga wa namna hiyo kutoka kwenye rutili, akaipa elementi hiyo mpya jina la titani. Kwa zaidi ya miaka 100 elementi hiyo haikuwa na kazi ya maana. Kuitenga metali yake safi kulikuwa na taabu kubwa, na Matthew Hunter wa Marekani alifanikiwa mwaka 1910 tu.

Kilichoipatia titani soko ni weupe wa oksidi yake. Wapaka rangi wa Ulaya walikuwa wamezoea rangi nyeupe ya risasi, ambayo iliwatia sumu mafundi wenyewe pamoja na watoto wa nyumba walizozipaka. Titani dioksidi haikuwa na sumu hiyo, tena ilifunika ukuta vizuri zaidi. Kuanzia mwaka 1916 viwanda vya Norway na Marekani viliitengeneza kwa wingi. Tangu hapo sehemu kubwa kabisa ya madini ya titani ya dunia imeishia kwenye rangi, plastiki na karatasi. Mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ulifuata njia hiyo hiyo. Kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza mapema mwaka 2014 kupitia Likoni, ikauza ilmenaiti, rutili na zirkoni kwa miaka kumi, na ikafunga uchimbaji mwishoni mwa mwaka 2024.

Rangi hiyo mpya nayo ilikuwa na dosari. Kuta zilizopakwa kwa nje zilianza kutoa vumbi baada ya miaka michache. Ukipitisha kiganja ukutani, kinatoka cheupe kama umeshika chaki. Watengenezaji walilichukia jambo hilo, wakatafuta jinsi ya kulizuia kwa kuzifunika punje za titani kwa alumina na silika. Wanakemia wachache wakauliza swali la upande wa pili: nini kinachoila rangi?

Mwaka 1921 Carl Renz aliandika kwamba titani dioksidi ikichanganywa na vitu vya asili ya viumbe na kuwekwa juani hubadilika rangi ikawa ya giza. Mwaka 1938 C. F. Goodeve na J. A. Kitchener, mjini London, walionyesha kwamba unga huo huweza kufubaza rangi ya nguo ukiangaziwa, wakati wenyewe hauishi wala haupungui. Kumbe unga mweupe haukuwa umelala. Ulipopata mwanga ulikuwa ukikichoma taratibu kila kilichougusa, pamoja na gundi iliyoushikilia ukutani.

Jambo hilo lilikaa kwenye majarida bila kumshtua mtu hadi mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Akira Fujishima, mwanafunzi wa shahada ya juu chini ya Kenichi Honda, alikitumbukiza kipande cha fuwele ya rutili ndani ya maji, akakiunganisha kwa waya na platini, kisha akakimulika kwa taa kali ya zenoni. Viputo vikatoka. Alipozima taa vilikoma, alipowasha vilirudi. Upande wa rutili ulitoa oksijeni na upande wa platini ukatoa hidrojeni, maana yake maji yalikuwa yanapasuliwa kwa mwanga. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1972. Mwaka uliofuata dunia ikakumbwa na msukosuko wa mafuta, na habari ya kupata nishati kwa maji na jua ikawa habari ya kila mtu. Tarehe 1 Januari 1974 gazeti la Asahi Shimbun liliiweka kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Furaha hiyo ilipoa mapema. Hidrojeni iliyopatikana ilikuwa kidogo mno ikilinganishwa na jua lililotumika. Lakini kazi ya kuchoma uchafu, ile iliyokuwa ikiwakera wapaka rangi, haikuhitaji nishati nyingi. Mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba unga wa titani dioksidi ukiangaziwa huivunja sianidi iliyomo majini. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake nchini Japani wakaua bakteria na hamira kwa njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya TOTO ya Japani ilianza kuuza vigae vilivyopakwa tabaka jembamba la titani dioksidi, vigae vinavyojisafisha vyenyewe vikipata mwanga.

Mambo hayo yote yanaendeshwa na elektroni. Titani dioksidi ni nusukipitishi: elektroni zake zimefungiwa kwenye ngazi ya chini, na ili ziruke kwenda ngazi ya juu zinahitaji msukumo wa volti elektroni 3.2, kwa umbo lake liitwalo anatasi. Chembe ya mwanga yenye nguvu hiyo ikigonga punje, elektroni moja huruka na kuacha tundu nyuma yake. Tundu hilo huichukua elektroni ya maji yaliyo karibu na kuzaa radikali za haidroksili, ambazo ni kali mno na hazibagui: ukuta wa bakteria, dawa ya shambani au rangi ya kiwanda, vyote huvunjwa. Uvunjaji ukifika mwisho, hubaki kaboni dioksidi, maji na chumvi kidogo. Punje ya titani yenyewe haipungui, ndiyo sababu inaitwa kichocheo.

Penye faida hiyo pana matatizo matatu. La kwanza, mwanga wenye volti elektroni 3.2 ni wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 387 hivi, na huo ni kama asilimia 4 au 5 tu ya mwanga wa jua unaofika ardhini. Asilimia 95 iliyobaki hupita bure. La pili, elektroni na tundu lake hupenda kurudiana, na mara nyingi hurudiana kabla kazi haijafanyika. La tatu, radikali huishi kwa muda mfupi mno. Uchafu usipokuwa umeshikana na punje, au karibu nayo sana, radikali hupotea bila kukutana nao. Titani dioksidi haina mvuto mkubwa kwa uchafu mwingi wa asili ya viumbe, na unga wa kawaida wa maabara una eneo la mita mraba 50 hivi kwa gramu moja.

Hapo ndipo kaboni inapoingia, nayo ina historia yake ndefu. Mwaka 1785, mjini St. Petersburg, Johann Tobias Lowitz alikuwa akisafisha asidi ya tatari, akagundua kwamba mkaa wa kuni unanyonya rangi iliyomo kwenye kimiminika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Raphael von Ostrejko alipata hataza za kuutengeneza mkaa wenye vitundu vingi zaidi kwa kuuchoma pamoja na mvuke au kemikali. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta gesi za sumu, Nikolai Zelinsky wa Urusi aliuweka mkaa wa namna hiyo ndani ya barakoa mwaka 1915. Gramu moja ya mkaa amilifu ulio mzuri ina eneo la ndani la mita mraba 1,000 au zaidi. Uchafu haupenyi ndani ya mkaa wenyewe, bali hunata juu ya kuta za vitundu hivyo.

Mkaa nao una udhaifu wake. Hunasa bila kuua, na ukishajaa hauwezi tena kazi, kwa hiyo hutupwa au hupelekwa kuchomwa upya kwenye tanuri. Titani huua bila kunasa. Hata hivyo ilichukua muda kabla mtu hajapima kwa makini kinachotokea vikiwekwa pamoja.

Mwaka 1998 Juan Matos na Jorge Laine wa Venezuela, pamoja na Jean-Marie Herrmann wa Lyon, Ufaransa, walichanganya unga wa titani na mkaa amilifu ndani ya maji yaliyochafuliwa kwa fenoli, kisha wakamulika. Ilidhaniwa mkaa ungeipunguza kasi, kwa kuwa ni mweusi na unazuia mwanga. Badala yake fenoli ilitoweka kwa kasi ya takriban mara mbili na nusu. Walieleza kwamba mkaa huivuta fenoli na kuikusanya, kisha fenoli huhama kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye punje za titani zilizoshikana nao, ambako huvunjwa. Mvuvi wa dagaa wa Liuli anayewasha taa usiku ili samaki wajikusanye kabla ya wavu kushuka angeielewa hesabu hiyo bila somo la kemia. Miaka michache baadaye Beata Tryba na Antoni Morawski wa Szczecin, Poland, wakishirikiana na Michio Inagaki wa Japani, walikwenda mbali zaidi kwa kuzipachika punje za titani juu ya mkaa wenyewe.

Hilo lilitatua tatizo la ukaribu, ila tatizo la mwanga lilibaki, nalo lilizua ubishi. Mwaka 2002, Shahed Khan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, waliandika katika jarida la Science kwamba wamechoma bamba la titani kwenye mwali wa gesi asilia na kaboni ya gesi hiyo ikaingia ndani ya oksidi. Bamba hilo, walisema, lilipokea mwanga hadi nanomita 535, ambao ni wa kijani na unaonekana kwa macho, tena lilipasua maji kwa ufanisi wa asilimia 8.35. Wataalamu walishtuka. Mwaka 2003 jarida hilo hilo likachapisha barua za kupinga, mojawapo ikiwa ya Fujishima mwenyewe, zikitilia shaka jinsi ufanisi huo ulivyokokotolewa. Hesabu ya Khan haikukubaliwa na wengi, lakini wazo lake lilishika mizizi.

Mwaka huo huo wa 2003, Shanmugam Sakthivel na Horst Kisch wa Erlangen, Ujerumani, walitangaza unga wa titani uliotiwa kaboni ambao ulivunja 4-klorofenoli kwa mwanga unaoonekana, na ukasafisha hewa yenye mvuke wa benzini kwa mwanga wa mchana unaoingia chumbani. Unga huo haukuwa mweupe kamili. Kwa mtengeneza rangi, unga wa titani ulioingiwa na rangi kwa sababu ya masalia ya kaboni ni bidhaa iliyoharibika. Kwa Kisch, rangi ile ndiyo iliyokuwa ikiupokea mwanga. Baadaye kampuni ya Kronos, inayoishi kwa kuuza rangi nyeupe ya titani, iliingiza sokoni unga wake yenyewe uliotiwa kaboni kwa kazi hiyo. Mpaka leo wanakemia hawajakubaliana kama kaboni hujipenyeza ndani ya fuwele na kuchukua nafasi ya oksijeni, au hukaa juu ya uso wake kama utando unaopokea mwanga na kuisukumia titani elektroni. Inaelekea yote mawili hutokea, kutegemea namna unga ulivyopikwa.

Kazi ya tatu ya kaboni ilidhihirika wakati wa nanotyubu na grafini, maumbo ya kaboni madogo na membamba mno. Grafiti na jamaa zake hupitisha umeme. Elektroni iliyoruka kutoka kwenye titani ikipata njia ya kukimbilia kwenye karatasi nyembamba ya kaboni, hukawia kulirudia tundu lake, na tundu hupata muda wa kufanya kazi. Mwaka 2010 makala nyingi zilitoka zikionyesha unga wa titani uliounganishwa na grafini ukivunja rangi za nguo kwa kasi zaidi kuliko unga mtupu. Hivyo kitu kimoja, kaboni, kilishughulikia matatizo yote matatu, ingawa ni nadra unga mmoja kuyatatua yote kwa kiwango kile kile.

Wakati hayo yakiendelea Kaskazini, Afrika Mashariki ilikuwa inalitumia jua kwa njia nyepesi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut aligundua kwamba maji kwenye chombo angavu yakiachwa juani kwa saa kadhaa hupoteza vijidudu vyake. Ronán Conroy na wenzake kutoka Ireland walilijaribu jambo hilo miongoni mwa Wamasai wa Kajiado, Kenya. Chupa za plastiki ziliwekwa juu ya mabati ya nyumba kutwa nzima, na mwaka 1996 jarida la Lancet likachapisha matokeo: kuhara kulipungua. Kisha kipindupindu kikaingia katika eneo hilo hilo. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji yaliyowekwa juani, watatu waliugua. Kati ya watoto 144 wa kundi la kulinganishwa, waliugua 20.

Chupa hizo hazikuwa na titani wala kaboni. Nguvu yake ni kwamba hazigharimu kitu, na mipaka yake inajulikana. Maji yakiwa na tope jua halipenyi, chupa ni ndogo, mawingu huongeza muda kutoka saa sita hadi siku mbili, na kemikali kama dawa za mashambani hubaki humo humo. Mradi wa WATERSPOUTT, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kati ya mwaka 2016 na 2020, ulijaribu kuipanua mipaka hiyo. Wilayani Chikwawa, Malawi, ulitumia ndoo angavu za lita 20 hivi badala ya chupa, na maji yakachujwa kwanza kwa kitambaa.

Tanzania nayo ina watu walioishika titani kwa mikono yao. Katika Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nuru Mlyuka, akishirikiana na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, Sweden, alitengeneza tabaka nyembamba za titani dioksidi na vanadi dioksidi kwa ajili ya vioo vinavyodhibiti joto la jua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Elementi hizo mbili, vanadi na titani, ndizo zilizomo kwenye mwamba wa Liganga. Mjini Arusha, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, aliunganisha chujio la mchanga na chembe ndogo mno zinazoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali. Mwaka 2015 chujio lake lilipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inatolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Lililovutia zaidi ni hatua ya kwanza ya kazi yake: kuyapima maji ya mahali husika kabla ya kuchagua dawa.

Ukiyapima maji ya wilaya za Mbinga na Nyasa kwa mtindo huo, unapata picha zaidi ya moja. Ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 700 hivi, ni miongoni mwa maziwa yenye maji maangavu zaidi barani. Mbali na midomo ya mito, jua hupenya humo mita nyingi. Kwa uchocheaji wa mwanga hayo ni maji mazuri. Uchafu wake mkubwa ufukweni ni vijidudu, na kipindupindu hakina mpaka wa nchi. Mlipuko ulioanza Malawi Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700, ukawa mbaya kuliko yote katika historia ya nchi hiyo, na wilaya za ufukweni zilikuwa miongoni mwa zilizoumia.

Milimani hali ni nyingine. Wamatengo wa Mbinga walizuia mmomonyoko kwa vizazi vingi kwa kilimo cha ngoro, vile vishimo vinavyopangwa kwenye miteremko mikali, na leo mashamba yao yanatoa kahawa ya arabika inayosifika. Msimu wa mavuno, kahawa mbivu hupelekwa kwenye mitambo ya pamoja ya kumenya kahawa (CPU), hutolewa maganda, hulowekwa na kuoshwa. Maji yanayotoka humo ni ya hudhurungi, yamejaa sukari na utelezi, na yakimwagwa mtoni huimaliza oksijeni wanayovuta samaki. Maji ya rangi hiyo yanaushinda unga wowote wa titani, kwa sababu mwanga huishia juu juu. Hapo mkaa ndio wa kutangulia. Watafiti wa Ethiopia na Brazil wametengeneza mkaa amilifu kutokana na maganda ya kahawa yenyewe, taka ambayo kila kituo cha CPU kinayo ya kutosha. Makaa ya mawe nayo ni malighafi ya zamani ya mkaa amilifu viwandani, ingawa ya Ngaka yamepata wateja wa tanuri za saruji kwanza.

Kikwazo kikubwa kilichobaki ni cha unga wenyewe. Punje zinazofanya kazi vizuri ni ndogo mno, na ukishazimwaga majini hazitoki kirahisi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliiondoa titani dioksidi kwenye orodha ya rangi zinazoruhusiwa katika vyakula, kwa hofu kuhusu chembe hizo zinapoingia mwilini. Haifai basi kuponya maji ya kunywa kwa kitu kitakachobaki ndani yake. Maabara nyingi zimehamia kwenye kuzifunga punje kwenye kioo, kigae au kokoto za mkaa, zikikubali kupoteza kasi kidogo ili zisipoteze unga. Hapo pia kaboni ina faida, kwa kuwa punje ya mkaa yenye titani juu yake ni kubwa kiasi cha kuchujwa kwa mchanga wa kawaida.

Halafu kuna majira. Mvua za Ruvuma, mkoa wenye wilaya za Mbinga na Nyasa, hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Ndiyo miezi ambayo Ruhuhu huleta tope, mawingu huifunika milima, na kipindupindu hupata njia. Mlipuko wa Malawi ulifikia kilele mapema mwaka 2023, katikati ya mvua. Titani peke yake, katika wiki ya mawingu, haina kubwa la kufanya. Mkaa hauhitaji jua ili unase: usiku na mchana huendelea kuujaza uchafu kwenye vitundu vyake, na mawingu yakifunguka titani iliyopachikwa juu yake huanza kuvunja kilichokusanywa, na kuupa mkaa nafasi ya kunasa tena. Majaribio ya kuufufua mkaa kwa njia hiyo yameonyesha kwamba inawezekana, ila polepole na kwa sehemu tu, kwa sababu mwanga haufiki kwenye vitundu vya ndani kabisa. Mkaa bado hulazimika kubadilishwa, ingawa baada ya muda mrefu zaidi.